Kuisoma Kyadondo Upya: Ramani za Kale kama Ushahidi wa Historia ya Saza

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna ramani za kale zinavyoweza kutumiwa kuchunguza historia ya Kyadondo, saza la Buganda ambalo ndani yake jiji la Kampala limekua. Inadai kuwa ramani hizo si picha za ardhi jinsi ilivyokuwa, bali ni kumbukumbu za shughuli zilizozizaa: safari, ugawaji wa ardhi, upangaji wa mji na upigaji wa picha za angani. Kwa sababu hiyo, faida yake kubwa kwa mtafiti na kwa mshauri wa sera haipatikani katika karatasi moja, bali pale karatasi mbili zinapotofautiana. Mifano inatokana na Mkataba wa Buganda wa 1900, upimaji wa mailo, mipango ya mji wa Kampala na ramani za kipimo cha 1:50,000, na inahusishwa na migogoro ya sasa ya vinamasi na ukaaji wa ardhi.

Saza lililobaki katika hati

Anayenunua kiwanja cha mailo Ntinda au Kisaasi, akifungua hati yake, hasomi humo jina la divisheni ya jiji. Anasoma "Kyadondo", kisha namba ya bloku na namba ya ploti. Aliye karibu na Mengo husoma "Kibuga". Mipaka ya utawala imebadilishwa mara nyingi tangu ukoloni, falme zimefutwa mwaka 1967 na kurejeshwa mwaka 1993, na sehemu kubwa ya Kyadondo sasa imegawanyika kati ya Kampala na Wilaya ya Wakiso. Hata hivyo, saza limedumu katika rejista ya ardhi kwa sababu ramani za wapimaji zilipangwa kwa masaza, na anayetaka kujua nani alimiliki nini hana budi kurudi kwenye ramani hizo.

Kyadondo ni saza la Kaggo, ambaye makao yake yako Kasangati. Limepakana na Busiro upande wa magharibi, Bulemeezi kaskazini, Kyaggwe mashariki na ziwa Nalubaale (Viktoria) kusini. Ni nchi ya vilima vyenye vichwa bapa na mabonde mapana ya mafunjo. Maji ya bonde la Nakivubo huteremka kusini-mashariki hadi ziwani. Maji ya Lubigi huelekea kaskazini-magharibi, yakaingia Mayanja na hatimaye Kafu. Kampala imejengwa juu ya mgongo unaotenganisha mikondo hiyo miwili. Jambo hili ni la msingi katika makala haya, kwa kuwa ramani za Kyadondo kwa kawaida zilichora vilima kwa uangalifu na mabonde kwa uzembe.

Njia, ua na mji mkuu

Ramani za mwanzo zinazoonyesha eneo hili zilitoka kwa wasafiri. John Hanning Speke alifika katika baraza la Mutesa I huko Banda mwaka 1862. Henry Morton Stanley alifika mwaka 1875. Ramani zao ni za njia. Zinaeleza mahali msafara ulipopita na kulala, na kilichokuwa nje ya njia hiyo hakimo, au kimo kwa maneno ya watu waliohojiwa. Mtafiti anayetafuta mipaka ya saza katika ramani hizi anatafuta kitu ambacho mchoraji hakukusudia kukiweka. Zinachofaa ni kuthibitisha jambo jingine: kwamba mji mkuu ulikuwa ukihama. Katika utawala wa Mutesa peke yake ikulu ilikuwapo Banda, Nabulagala (Kasubi) na Rubaga kwa nyakati tofauti, na Mwanga akaja kukaa Mengo. Ramani mbili zinazoweka "mji mkuu wa Uganda" mahali pawili hazilazimiki kuwa na kosa.

Ushahidi wa aina nyingine kabisa umo katika mchoro wa mji mkuu na ua wa Kabaka uliotoka kwa Katikkiro Apolo Kagwa na kuchapishwa na John Roscoe mwaka 1911 katika kitabu chake The Baganda. Mchoro huo hauna kipimo cha kuaminika na hauwezi kuwekwa juu ya picha ya satelaiti bila kupindwa. Lakini unaonyesha kile ambacho hakuna mpimaji wa Kizungu aliyekionyesha: mpangilio wa nyua za wakuu kulingana na vyeo na masaza yao. Mkuu wa saza alipewa kiwanja katika mji mkuu upande ule unaoelekea saza lake, naye alikuwa na wajibu wa kutunza barabara inayokwenda huko. Kwa hiyo mji mkuu wenyewe ulikuwa aina ya ramani ya nchi, iliyochorwa kwa nyua na matete badala ya wino. Peter Gutkind, katika utafiti wake wa mwaka 1963 kuhusu mji mkuu wa Buganda, aliutumia urithi huu kueleza Kibuga kama mji wenye mantiki yake, si kijiji kilichosongamana kando ya mji wa wageni. Mwanahistoria anayeutupa mchoro wa Kagwa kwa sababu "si sahihi" anautupa ushahidi bora kuliko ramani nyingi zilizo sahihi.

Hesabu iliyotimia kabla ya kupima

Mkataba wa Buganda wa Machi 1900 ulitaja masaza 20, Kyadondo likiwamo kwa tahajia ya "Kiadondo". Kuhusu ardhi, mkataba ulianza kwa kuchukulia tu kwamba Buganda ina maili za mraba 19,600. Kati ya hizo, 1,500 zilikuwa misitu na 9,000 zikawekwa chini ya serikali ya Uingereza. Maili 8,000 zilitengewa wakuu na wamiliki binafsi elfu moja. Zilizosalia, 1,100, ziligawiwa Kabaka (350), Namasole, wana wa kifalme, wakuu wa masaza, mawakili watatu wa ufalme, Mbogo kiongozi wa Waislamu, Kamuswaga wa Koki, jumuiya za wamisionari na vituo vya serikali. Msomaji akijumlisha, hesabu inatimia sawasawa. Hilo peke yake lingepaswa kumtia shaka, kwa maana nchi yenyewe ilikuwa haijapimwa.

Neno mailo limetokana na maili, yaani kipimo kikawa jina la aina ya umiliki. Ugawaji ulifanywa na Lukiiko kwa orodha kabla ya kufanywa na wapimaji kwa mnyororo, na waliopata walizidi sana wale elfu moja waliotajwa. Upimaji ulianza mwaka 1904 na haukukamilika hadi 1936. Katika miaka hiyo zaidi ya 30 watu walikufa, waliuza, walirithi na kubadilishana mashamba ambayo mpaka wake ardhini ulikuwa haujawekwa. Karatasi ya upimaji ya Kyadondo, kwa hiyo, haionyeshi hali ya 1900, ingawa hutajwa mahakamani na mitaani kana kwamba inaionyesha. Inaonyesha suluhu iliyofikiwa siku mpimaji alipofika, na siku hiyo haikuwa moja kwa saza zima.

Kuna pengo kubwa zaidi. Ramani ya mailo iliandika mwenye shamba, haikuandika ukoo. Ardhi ya butaka, yaani vilima vyenye makaburi ya wazee wa koo na walinzi wake, ilichukuliwa katika ugawaji na kupewa wakuu wengine mara nyingi tu. Malalamiko ya Bataka yalifikishwa kwa Kabaka na serikali baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na tume ya uchunguzi ikasikiliza ushahidi mwaka 1924. Ushahidi uliotolewa mbele ya tume kama hiyo ni ramani ya maneno: kilima gani, kaburi la nani, mpaka wa mti gani. Ukiwekwa kando ya karatasi ya mpimaji, tofauti zinazojitokeza si makosa ya kusahihishwa. Ndiyo historia ya saza yenyewe.

Mahali peupe

Katika ramani, weupe wa karatasi una sababu zake, na sababu hizo hazifanani. Mfano wa kwanza ni ufuko wa ziwa. Ugonjwa wa malale uliua watu wengi sana katika ufuko wa Nalubaale mwanzoni mwa karne ya 20, na kuanzia mwaka 1906 Gavana Hesketh Bell aliamuru wakazi wahamishwe kutoka ukanda wa karibu maili mbili kando ya maji. Karatasi zilizopimwa katika miaka iliyofuata zinaonyesha ufuko wenye msitu na mafunjo, bila vijiji. Mtaalamu wa mazingira anayezichukua karatasi hizo kama kipimo cha "hali ya asili" ya ufuko anapima, bila kujua, matokeo ya amri ya serikali na ya vifo vya watu.

Mfano wa pili umo mjini. Frederick Lugard alijenga ngome yake katika kilima cha Kampala ya zamani mwishoni mwa 1890, na baadaye kituo cha serikali kikahamia Nakasero. Tangu hapo miji miwili ilikaa bega kwa bega: Kampala ya serikali ya kikoloni na Kibuga cha Kabaka. Mpango wa A. E. Mirams wa mwaka 1930 na ule wa Ernst May wa miaka ya 1940, uliohusu hasa Kololo na Naguru, ilichora barabara, viwanja na kanda za makazi upande wa kwanza. Upande wa pili, penye watu wengi zaidi, mistari ilikoma mpakani. Anayeitazama mipango hiyo peke yake angeweza kuamini kuwa Mengo, Katwe na Kisenyi vilikuwa mashamba matupu, ilhali utafiti wa Aidan Southall na Gutkind, uliochapishwa mwaka 1957, ulikuta Kisenyi pamejaa wapangaji, mafundi na wauza pombe. Kibuga kilipounganishwa na jiji mwishoni mwa miaka ya 1960, wapangaji walirithi eneo ambalo kwa nusu karne halikuwa katika michoro ya mji. Sehemu ya matatizo ya maji taka na mafuriko yanayoelezwa leo kama "ujenzi holela" ilianzia katika weupe huo wa karatasi.

Mita mia tatu za kinamasi

Ramani zinazotumiwa zaidi na washauri wa sera ni zile za kipimo cha 1:50,000, zilizochorwa kutokana na picha za angani kwa ushirikiano wa idara ya upimaji ya Entebbe na kurugenzi ya upimaji wa makoloni iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1946. Ni kazi nzuri. Vinamasi vimeonyeshwa kwa alama za buluu, nyumba kwa vidoto, njia kwa mistari, na mtu anayeijua Kampala anaweza kutembea nazo hadi leo. Uzuri huo ndio hatari yake.

Kwanza, ramani hizo na mifumo ya satelaiti haitumii msingi mmoja wa viwianishi. Ramani za kale za Afrika Mashariki zimejengwa juu ya msingi uitwao Arc 1960. Mtu akichukua viwianishi vilivyoandikwa pembeni mwa karatasi na kuviingiza moja kwa moja katika programu inayotumia msingi wa satelaiti, bila kubadilisha, kila kitu kinasogea takriban mita 300, zaidi katika mwelekeo wa kaskazini na kusini. Katika nchi tambarare kosa hilo lingekuwa dogo. Katika Kyadondo, ambako kinamasi kinaweza kuwa na upana wa mita mia chache tu, linatosha kukiondoa bondeni na kukipandisha mlimani, au kukiweka kiwanja cha mtu majini. Kosa hili halionekani kwa macho, kwa kuwa ramani iliyohamishwa bado inapendeza na kila kitu kimo mahali pake kikilinganishwa na kingine. Dawa yake ni ya kazi ya mikono: kutafuta nukta ambazo hazijasogea, kama vile vilele vya vilima, makutano ya barabara za zamani na majengo ya ibada ya Namirembe na Rubaga, kisha kupima ni kiasi gani ramani imepotoka na kukiandika kiasi hicho wazi katika ripoti.

Pili, mpaka wa kinamasi si mstari. Maji hupanda wakati wa ttoggo na ddumbi na kushuka kiangazi, na picha ya angani ilipigwa siku moja tu. Katika kipimo cha 1:50,000, milimita moja ya karatasi ni mita 50 za ardhi, hivyo unene wa kalamu peke yake unaweza kumeza viwanja viwili. Tena, mashamba mengi ya mailo yalipimwa mpaka wake ukifuata mkondo wa maji katikati ya bonde. Mkondo ukihama, au ukichimbwa mfereji kama ilivyofanyika Nakivubo, mpaka wa hati na mpaka wa maji huachana.

Hapa ndipo suala linapokuwa la kisheria. Ibara ya 237 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inaipa serikali dhamana ya kushikilia maeneo oevu kwa niaba ya wananchi, ilhali Katiba hiyohiyo inatambua mailo. Katika bonde la Lubigi au la Nakivubo mambo haya mawili hukutana katika ploti moja. Swali la kama eneo fulani lilikuwa kinamasi mwaka fulani linaamua nani atabomolewa nyumba na nani hatabomolewa. Kulijibu kwa karatasi moja ya ramani ni kumhukumu mtu kwa unene wa kalamu.

Sheria ya Ardhi ya 1998 nayo inaleta swali la aina hiyo. Inamlinda mkaaji aliyeishi katika ardhi ya mwingine bila kupingwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba kuanza kutumika, yaani tangu 1983 au kabla. Wenye vibanja wengi hawana karatasi ya kuthibitisha. Ramani huonyesha nyumba kwa vidoto, na mchoraji alipokuta nyumba nyingi pamoja alipunguza vidoto ili karatasi isomeke. Kutokuwapo kwa kidoto, basi, hakuthibitishi kutokuwapo kwa nyumba. Picha ya angani yenyewe, ambayo ramani ilitokana nayo, ina kila paa lililokuwapo siku ile. Katika hifadhi nyingi picha hizi hupewa heshima ndogo kuliko ramani. Kwa mwenye kibanja, zinapaswa kutangulia.

Majina yanayopotea

Utafutaji wa kidijitali umerahisisha kazi hii na kuiletea mtego. Maktaba ya Uingereza imeweka wazi mtandaoni ramani na michoro ya Afrika Mashariki iliyokusanywa na Idara ya Vita ya Uingereza, kiasi kwamba mtafiti wa Kampala hahitaji tena kusafiri hadi London kuiona. Lakini tahajia rasmi ya Kiganda iliwekwa mwaka 1947, na ramani zilizotangulia ziliandika kila mpimaji alivyosikia. Kyaggwe ni Chagwe au Kiagwe. Ssingo ni Singo. Kyadondo ni Kiadondo. Anayetafuta kwa tahajia ya leo atapata kimya na kudhani hakuna kitu.

Majina yenyewe pia yana ushahidi wa ardhi. Kisenyi ni jina linalohusishwa na tambarare ya bondeni, na linaeleza umbo la mahali kabla ya maduka na gereji. Wazee wa Kyadondo wanayo majina ya visima, vivuko na vichaka ambayo hayakuingia katika ramani yoyote kwa sababu mpimaji hakuuliza, au aliuliza kupitia mkalimani wa mkuu aliyekuwa na masilahi katika mpaka huo. Kukusanya majina haya kwa Kiganda, na kuyaeleza kwa Kiswahili ili watafiti wa eneo zima wayatumie, ni kazi ya wanaisimu kama ilivyo ya wanajiografia.

Ramani mbele ya wenye mamlaka

Historia ya Uganda ina onyo kuhusu kile ambacho ramani haiwezi kufanya. Katika orodha ya masaza 20 ya mwaka 1900 yamo Buyaga na Bugangaizi, ardhi ya Bunyoro iliyoingizwa Buganda baada ya vita vya miaka ya 1890. Kwa zaidi ya miaka 60 kila ramani rasmi iliyaonyesha ndani ya Buganda, kwa mpaka safi na rangi moja. Kura ya maoni ya Novemba 4, 1964 ilionyesha kuwa wakazi walio wengi hawakuikubali rangi hiyo, na masaza hayo yakarudi Bunyoro. Wingi wa ramani zinazokubaliana haukuwa ushahidi wa ukweli wa mpaka. Zilikubaliana kwa sababu zilinakiliana.

Kyadondo halina mgogoro wa namna hiyo, ila tabia ya kunakili ipo. Mpaka wa kinamasi uliochorwa katika miaka ya 1950 umehamishwa kutoka karatasi hadi karatasi, kisha hadi faili za kompyuta, na sasa unaonekana katika tabaka nne au tano za data zinazoonekana kuthibitishana. Mshauri wa sera anayeletewa tabaka hizo angefaa aulize moja baada ya nyingine ilipimwa lini na nani, na ipi ni mtoto wa ipi. Akikuta zote zimetoka kwa mama mmoja, ana shahidi mmoja tu.

Karatasi za kuanza nazo zinajulikana: zile za upimaji wa mailo kando ya Lubigi na Nakivubo, pamoja na picha za angani za mabonde hayo zilizopigwa kabla ya 1983. Zikinakiliwa kidijitali kwa ukubwa wake kamili, pembezoni zikiwamo pamoja na maandishi ya penseli ya wapimaji, na zikifunguliwa kwa wenye vibanja kama zinavyofunguliwa kwa mawakili wa wenye hati, mabaraza yatakayosikiliza mashauri ya mabonde hayo yatakuwa na mashahidi zaidi ya mmoja.